Mahindi meupe ya Iroquois kutoka Ganondagan: Mpare nimeyapikia makande, haya hapa majibu

Wadau mlioko upande huu wa New York, hasa Rochester, Buffalo na Syracuse ambako siku hizi Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya supamaketi, leo natoa rivyu ya kitu ambacho kiko karibu na nyie kabisa na naamini wengi hamkijui. Ni mahindi. Ndiyo, mahindi, msianze kucheka. Yanaitwa Iroquois White Corn, yanaandaliwa na mradi unaoitwa Iroquois White Corn Project ambao uko Ganondagan, mji mdogo wa Victor, kama nusu saa hivi kwa gari ukitoka Rochester. Wanauza aina tatu: mahindi yaliyokobolewa na kukaushwa, unga mweupe, na unga wa mahindi yaliyokaangwa. Nimejaribu yote na ntasema moja moja, ila kwa mwenye haraka jibu ni hili: chukua yale yaliyokobolewa, pika makande, utanishukuru.

Sasa kwa nini mtu mzima ahangaike na mahindi wakati Marekani ndo nchi ya mahindi? Mnaoishi huku mnajua. Mahindi ya huku mengi ni ya njano, na mengi wala hayaliwi na watu, yanaenda kulisha mifugo na kutengeneza mafuta ya gari. Ukitaka unga mweupe unaanza kusaka kwenye maduka ya Waafrika na ya Walatino, na kuna duka moja la mtandaoni, silitaji jina, lilinitumia mfuko umeandikwa mweupe kwa nje, nafungua ndani njano kama manjano ya pilau, afu kurudisha ni mlolongo. Kwaiyo niliposikia kwamba kuna wenyeji wa ardhi hii hii, Waseneca, moja ya mataifa sita ya Iroquois (wenyewe wanajiita Haudenosaunee), wanalima mahindi meupe tangu enzi za mababu zao na mbegu ni ile ile, nikasema hapa lazima niende mwenyewe nikaone kwa macho, mambo ya kuagiza kwa simu basi.

Nianze na chakula maana hii ni rivyu ya chakula, mengine yatafuata.

Punje zake ni kubwa. Ukishazoea punje za mahindi ya hybridi utashangaa, hizi ni pana, nyeupe ya kufifia kidogo, na gunzi lenyewe kwa kawaida lina mistari minane tu, ni refu na jembamba. Yakiwa yamekobolewa hayana lile ganda la juu wala kale kajicho cheusi pale kwenye kiini kanakokuudhi ukitafuna. Niliyaloweka usiku kucha, asubuhi nikayaweka kwenye moto mdogo na maharage mekundu ambayo nayo yalilala majini, kitunguu, karoti, na mwisho tui la nazi la kopo (mniwie radhi wazee wa kukuna). Yanachukua muda, saa kadhaa, usiyakimbize kwa presha kuka mara ya kwanza kabla hujajua tabia yake. Yakiiva punje inatutumka na kufunguka, nje laini, katikati bado ina kaugumu kadogo ka kutafuna, na mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila kupondaponda. Ladha sasa. Makande ya huku kwa mahindi ya kopo huwa yana utamu utamu wa ajabu, haya hapana, haya yana ladha ya mahindi kweli, ile ya gunzi lililokomaa. Mimi ni Mpare wa Same, makande kwetu sio chakula cha mwisho wa mwezi kama mnavyotutania, ni chakula, na nawaambia haya yamefaulu. Mke wangu ambaye sio Mpare na huwa ana maneno alirudia sahani na hakusema kitu.

Wenyewe Waseneca wanayapika karibu sawa na sisi, yaani supu ya mahindi na maharage, wanaweka na nyama ya nguruwe ya chumvi. Ukiitazama sufuria unaona kabisa ni makande yenye supu nyingi. Na tusisahau mahindi yetu wenyewe yalitoka bara hili, Wareno ndo waliyaleta pwani yetu karne ya 16, kwaiyo ukipika haya ni kama unaenda kusalimia ukweni.

Kuna kitu kimoja cha kiufundi nimekipenda mno. Haya mahindi hayakobolewi kwa mashine wala kwa kinu. Kimila yanachemshwa kwenye maji yenye jivu la miti migumu, ganda linalegea, halafu yanaoshwa kwenye kikapu maalumu chenye matundu, unazungusha na kusugua majini mpaka maganda yote yaondoke. Siku hizi kwenye mradi wanatumia chokaa ya chakula badala ya jivu. Sisi tunaweka magadi kwenye makande ili yaive haraka, na wengi tunadhani ni ujanja wa kuokoa kuni tu, lakini hawa walikuwa na sababu kubwa zaidi hata kama hawakuiandika kwa lugha ya maabara: mahindi yakipikwa na jivu au chokaa, vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje inaachiwa na mwili unaweza kuitumia. Wazungu walichukua mahindi wakaacha jivu, matokeo yake sehemu mbalimbali duniani, Italia huko na kusini mwa Marekani mpaka karne ya 20, watu maskini waliokula mahindi matupu wakapata pelagra, ugonjwa wa kukosa hiyo niasini, ngozi inababuka, akili inavurugika, wengine wanakufa. Walichukua chakula wakaacha mafundisho yake. Hilo ndo jambo wazee wa huku wanalirudia kwa namna nyingi ukiwasikiliza, kwamba huwezi kuchukua kitu kutoka kwa udongo ukaacha masharti yake.

Unga sasa. Unga mweupe usiununue kwa ajili ya ugali. Nimesonga, unashika vizuri tu, ila kwa kuwa mahindi yake yameshapikwa na chokaa kabla ya kusagwa, ladha yake inaenda kwenye tortila kuliko sembe, na mwiko unauhisi tofauti, unanata. Kwa mkate ni mzuri, wenyewe wanatengeneza mkate wa kuchemsha: unga unakandwa na maji ya moto, unachanganywa na maharage mekundu yaliyoiva, unafinyangwa duara nene, unatumbukizwa kwenye maji yanayochemka mpaka uelee. Ukikata unaona maharage ndani. Unga wa kukaanga huo ni habari nyingine, una rangi ya kahawia na harufu ya bisi, nimeupikia uji na maziwa na sukari kidogo, watoto wameuita uji wa popkoni na sasa hawataki mwingine, hilo ni tatizo la mfuko wangu maana bei yake sio ya unga wa kila siku.

Nigusie bei, imechangamka. Ukilinganisha na mfuko wa unga wa supamaketi utaona hawa wamepandisha, na mwanzoni hata mimi niliguna. Ila mahindi haya yanavunwa kwa mkono, yanamenywa kwa mkono, maganda ya nje yanavutwa nyuma na kusukwa kama nywele, mkungu mrefu wa magunzi unaning'inizwa ukauke taratibu, halafu kuchambua, kuchemsha, kuosha, kukausha, kusaga. Msimu wa mavuno wanaita watu wa kujitolea, yeyote, mnakaa pamoja mnamenya mahindi na kupiga soga. Nendeni. Aliyekulia kijijini kwenye kupukuchua mahindi atajisikia yuko nyumbani.

Ganondagan penyewe sio duka tu. Ni eneo la historia, zaidi ya ekari 500, palikuwa na mji mkubwa wa Waseneca karne ya 17. Kuna nyumba ndefu ya mfano wa zile za zamani iliyojengwa 1998, na jengo la sanaa na utamaduni lililofunguliwa 2015 ambalo ndani yake ndo kuna duka. Kuna njia za kutembea, na kilima kinaitwa Fort Hill ambako ilikuwa ghala yao kuu ya chakula. Hapo ndo usimame kidogo. Mwezi wa saba 1687 gavana wa Wafaransa kule Kanada, Denonville, alikuja na jeshi la watu kama 3,000 kuwavunja Waseneca waliokuwa wanamsumbua kwenye biashara ya manyoya. Vita vyenyewe havikuwa virefu, kilichochukua siku ni kuchoma na kufyeka mahindi, ya shambani na ya ghalani. Aliripoti kwa wakubwa zake kwamba ameharibu minot milioni 1.2, kipimo cha Kifaransa cha enzi hizo, kila kimoja ni karibu debe mbili. Hata kama alitia chumvi, na viongozi wa kijeshi huwa wanatia, toa nusu, toa robo tatu, bado ni mahindi ya kutisha. Halafu 1779 jeshi la George Washington chini ya Jenerali Sullivan likarudia mchezo ule ule, likachoma vijiji zaidi ya 40 na mashamba yake. Waseneca mpaka leo jina walilompa Washington maana yake ni mharibifu wa miji. Mbegu ya haya mahindi ilipita humo motoni. Kwaiyo ukishika ule mfuko pale dukani, hiyo bei unaiangalia kwa jicho jingine.

Sasa hili la wazee na mazingira, maana ndo lililonifanya niandike ndefu hivi badala ya kuweka nyota tano niende zangu.

Nilikua nimezoea semina za mazingira za kwetu, mnaijua ile, mgeni rasmi, tishirti, kupanda mti mmoja, kupiga picha, mti unakufa wiki ya pili. Hawa wana kitu tofauti kabisa. Kabla ya mkutano wowote wa maana, na mwisho wake pia, kuna mtu anasimama anatoa shukrani, Waseneca wanaiita Ganö:nyök. Sio sala kama tulivyozoea, na hapa ndo niliposhtuka, hakuna ombi hata moja ndani yake. Hakuna tupe mvua, hakuna tuepushe na ukame. Inaanza na watu waliokusanyika, inashukuru kwamba tumefika salama, halafu dunia ambaye ni mama, halafu maji, samaki, mimea midogo, mimea ya chakula, ya dawa, wanyama, miti, ndege, pepo nne, ngurumo ambao ni wajomba wetu ama babu zetu inategemea nani anasema, jua ambaye ni kaka mkubwa, mwezi ambaye ni bibi, nyota, walimu waliotumwa, mpaka Muumba. Inapanda kutoka ardhini kwenda juu. Kila kipande kikiisha msemaji anasema sasa akili zetu ni moja, na waliopo wanaitikia kukubali. Akiwa na pumzi inaweza kwenda muda mrefu sana, na hakuna anayeangalia saa, au ni mimi tu niliyekuwa naangalia.

Mtu anaweza kusema haya ni maneno mazuri ya kanisani. Lakini tazama hesabu yake. Kila kinachotajwa kinashukuriwa kwa sababu kinaendelea kufanya kazi kiliyopewa: maji bado yanatiririka, mahindi bado yanaota, ndege bado wanaimba. Na wewe mtu ukisikiliza hiyo orodha ndefu lazima ujiulize, mimi je, kazi yangu naifanya? Kwa wazee hawa mtu sio bwana wa shamba wala mlinzi wa mbuga, ni ndugu mmoja kwenye ukoo mkubwa, tena ndugu mdogo anayetegemea wote waliotangulia. Ndo maana kwenye kuchuma dawa msituni mafundisho ni kwamba mmea wa kwanza unaouona huuchumi, unaupa tumbaku, unausemesha, unaeleza shida yako, unaupita kutafuta wengine. Kwa mtu wa haraka ni ushirikina, ila fikiri kwa mtindo wa mkulima: kama ulioukuta ndo wa mwisho, umeuacha. Na kama huoni mwingine basi mwenyewe umejua hali ya msitu ikoje.

Mahindi, maharage na maboga wanayaita dada watatu, na hadithi ya uumbaji inasema yaliota kwenye mwili wa binti wa yule mama aliyeanguka kutoka mbinguni akapokelewa mgongoni kwa kobe. Shambani wanayapanda pamoja kwenye vilima vidogo, maharage yanapanda bua la mahindi na kurudisha naitrojeni kwenye udongo, majani ya maboga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasitambe. Bibi zetu wamechanganya mahindi na kunde na maboga miaka yote mpaka mabwana shamba wakaja kuwaambia pandeni kwa mstari, zao moja tu, na tukatii! Na kwao mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake, wakina mama wa koo ndo wanaomteua chifu na ndo wanaoweza kumng'oa akivurunda. Hakuna kinachotupwa pia. Maganda ya nje wanasuka mikeka na wanatengeneza wanasesere. Yule mwanasesere wa ganda la mahindi hana uso, wanasimulia kwamba alipewa uzuri akaanza kujitazama majini siku nzima akaacha kazi yake ya kuchezesha watoto, uso ukachukuliwa. Nimemnunulia binti yangu mmoja, akauliza kwa nini hana macho, nikamsimulia, akanyamaza akarudisha simu yangu mezani. Sikumwambia airudishe.

Wala msidhani wazee wa huku ni wa kusema kwa upole tu. Karibu na Victor kuna Canandaigua, ambako 1794 Marekani ilisaini mkataba na Haudenosaunee kwamba ardhi yao haitaguswa, na mpaka leo serikali kila mwaka inatuma kitambaa, kile cha aina ya amerikani, kama sehemu ya makubaliano. Kila tarehe 11 Novemba wanakusanyika hapo kukumbuka. Kitambaa kinakuja, ardhi je? Miaka ya 1960 serikali ile ile ikajenga bwawa la Kinzua, likakamilika 1965, maji yakameza karibu ekari 10,000 za Waseneca wa Allegany, eneo lao jingine, watu kama 600 wakahamishwa, nyumba zikachomwa, makaburi yakafukuliwa. Wazee walipeleka kesi, wakashindwa. Waliokuwa watoto wakati ule ndo wazee wa leo. Kwaiyo wakisema ukiamua jambo lolote fikiria kizazi cha saba kinachokuja, hawasemi kwa ajili ya bango la ukutani, wanasema kama watu walioona serikali ikishindwa kufikiria hata kizazi kimoja.

Mradi huu wa mahindi nao ulizaliwa kwenye mawazo hayo hayo. Ulianzishwa 1997 kule Cattaraugus, nako ni eneo la Waseneca, na John Mohawk na mke wake Yvonne Dion-Buffalo. John Mohawk alikuwa Mseneca, mwalimu wa chuo kikuu Buffalo, na alikuwa kati ya waliobeba hoja za Haudenosaunee kwenda Umoja wa Mataifa Geneva mwaka 1977, kule walikoiambia dunia kwamba wanyama na miti na maji navyo vina haki ya kukaa mezani. Mtu wa aina hiyo ungetegemea amalizie maisha kwenye makongamano, yeye akarudi kwenye mahindi, kwa sababu aliona kisukari kinawamaliza watu wake na aliamini dawa iko kwenye chakula chao cha zamani kinachomeng'enywa polepole. Alifariki 2006 na mradi ukasinzia, baadaye G. Peter Jemison, msanii wa Kiseneca aliyeongoza Ganondagan kwa miongo kadhaa, akaufufua hapo hapo kwenye eneo ambalo Denonville aliteketeza ghala. Mimi hiyo naihesabu kama jibu zuri kuliko hotuba zote.

Sasa nani asinunue. Kama wewe ni mtu wa kutoka kazini saa tatu usiku unataka chakula saa tatu na nusu, haya sio yako, chukua ya kopo. Kama unatafuta unga wa ugali wa familia ya watu wanane, utafilisika. Na kama unaenda Ganondagan kutafuta Wahindi Wekundu wa kwenye sinema wamevaa manyoya wakusubirie picha, baki nyumbani, utakutana na watu wa kawaida wenye jinzi na kazi zao, wengine wana maswali kuhusu kwetu kuliko sisi tulivyo na maswali kuhusu kwao. Mzee mmoja niliyepiga naye stori pale nje aliniuliza nyumbani mnashukuru vipi mkivuna, nikajieleza kidogo nikaishia kwenye mbege, ambayo hata sio yetu ni ya Wachaga, akacheka kweli.

Nyota nimegawa hivi: mahindi yaliyokobolewa tano, unga wa kukaanga nne, unga mweupe tatu kwa matumizi yetu sisi, ingawa kwa mkate unapanda. Sehemu yenyewe tano bila kujiuliza. Nyumba ndefu inafunguliwa miezi ya joto, takriban kuanzia Mei mpaka Oktoba, winta utaiangalia kwa nje na upepo wa huku mnaujua. Wakati wa joto kuna pia tamasha la muziki na ngoma, watoto wanapenda. Mkiagiza mtandaoni angalieni kwanza kama bidhaa ipo, mavuno ni mara moja kwa mwaka, yakiisha yameisha, mnasubiri mahindi mengine yakomae. Na mkipika makande, maharage yaloweke sufuria tofauti na mahindi, yanawahi kuiva.